Fimbo mbili za alumini kwa miguu iliyobaki na ganzi baada ya kemo

Niseme hukumu yangu mapema, ili mwenye haraka asipate tabu ya kusoma yote. Kama umemaliza kemo, yaani tiba ya saratani kwa dawa kali, na nyayo zako zimebaki na ganzi, na unataka kutembea masafa marefu, tafuta jozi ya fimbo za alumini zenye ncha ngumu ya chuma, mipini ya gamba la mti na vibano vya nje. Zisiwe na springi ndani. Hilo la springi nitalieleza kwa urefu, maana ndilo ambalo wauzaji wengi watakushauri kinyume chake.

Chapa siitaji. Fimbo za muundo huu hutengenezwa na kampuni nyingi, na ninayoyaeleza yanahusu muundo wenyewe, si nembo iliyobandikwa juu yake.

Mimi ni fundi seremala mstaafu, umri umeshapita miaka 65. Nilipata saratani ya utumbo mpana, nikakatwa kipande cha utumbo, kisha nikawekwa kwenye kemo yenye dawa iitwayo oksaliplatini. Namshukuru Mungu, vipimo vinaendelea kuwa safi. Sasa natembea njia ya masafa marefu, kipande kwa kipande, kuchangia nyumba wanamolala wagonjwa wanaotoka mbali kuja kupigwa mionzi. Mionzi hutolewa kidogokidogo, mara nyingi siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Mtu anayeishi mbali hawezi kwenda na kurudi kila siku, na asipopata pa kulala, anaweza kukatisha matibabu katikati. Nilipokuwa naugua nililala kitanda cha jirani na watu wa namna hiyo. Hakuna kitu katika ugonjwa huu kinachoniuma zaidi.

Turudi kwenye fimbo, lakini kwanza miguu, kwa sababu bila kuelewa miguu hutaelewa kwa nini nimezichagua hivi.

Oksaliplatini ina madhara ya aina mbili kwenye neva. Ya kwanza huja palepale: ukigusa chuma cha baridi vidole vinachoma, ukinywa maji ya baridi koo linakaza. Hayo kwa kawaida hupita baada ya siku chache. Ya pili hujijenga taratibu, dozi juu ya dozi. Ganzi huanzia kwenye ncha za vidole vya miguu na mikono, kisha hupanda. Inaweza hata kuzidi kwa miezi kadhaa baada ya dawa kusimamishwa, na wapo wanaobaki nayo kwa miaka. Mikononi imenibakia kwenye ncha za vidole tu. Miguuni imeshika unyayo mzima. Nikivaa soksi iliyojikunja sijui, nikiwa na changarawe kiatuni sijui mpaka nione damu. Na watu wenye ganzi ya namna hii huanguka mara nyingi zaidi kuliko wenzao waliopata matibabu bila kubakiwa nayo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa ananiangalia alinipima kwa uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili. Aliugonga, akaweka kitako chake juu ya mfupa wa kidole gumba cha mguu. "Mzee, niambie ukiacha kutetemeka." Nikamwuliza kama ameshaanza. Akaugonga tena, akauweka kwenye mfupa wa kifundo cha mkono, na mtetemo nikausikia mpaka karibu na kiwiko. Akasema, "Basi, tutatumia mikono." Ndiye aliyenituma nikatafute fimbo, na akanisisitizia ziwe mbili.

Wengi wanaziona fimbo hizi kuwa kitu cha kuegemea tu. Kwangu kuegemea ni kazi yake ya pili. Kazi ya kwanza ni kunipa habari za ardhi. Ncha ya fimbo hizi ni kabidi ya tungsteni, chuma kigumu sana kinachofanana na kile kinachochomelewa kwenye meno ya misumeno mizuri ya mashine. Ikigonga mwamba, pigo hurudi kavu na moja kwa moja kiganjani. Ikigonga changarawe, huja mkwaruzo. Udongo wenye maji hauleti kitu, fimbo inazama kimya, na ukimya huo nao ni habari. Jiwe lililolegea ndilo nililojifunza kulitambua kwa furaha kubwa zaidi: ncha inagonga, halafu inateleza kidogo sana, pengine upana wa kucha, na mkono unajua kabla mguu haujatua. Zamani mguu ndio ungejua. Sasa nautua mguu pale ambapo fimbo imeshapaonja.

Ndiyo maana naikataa springi. Fimbo nyingi za bei ya juu huwa na springi ndogo ndani ya bomba, na huuzwa kwa maelezo kwamba inapunguza mshtuko kwenye viwiko na mabega. Inapunguza kweli. Nilitembea na jozi ya namna hiyo niliyoazimwa na mwenzangu wa njiani, na mabega yalipumzika. Lakini mwamba, changarawe na udongo vyote vilifika mkononi kwa sauti moja, laini, isiyo na maana. Mtu mwenye nyayo nzima hapotezi kitu, anaisikia ardhi kwa miguu yake. Mimi mshtuko ule ndio ninaoununua. Kabla ya kona ya pili nilikuwa natazama chini kila hatua, na shingo imeanza kuuma. Nilimrudishia fimbo zake kwa shukrani.

Sababu hiyohiyo ndiyo inayonifanya nichague alumini badala ya nyuzi za kaboni. Kaboni ni nyepesi. Jozi nzuri ya kaboni inaweza kuwa gramu 400, ya alumini ikawa gramu 500 au zaidi, na ukiinua fimbo kutwa nzima tofauti hiyo unaisikia. Ila kaboni hunyonya mtetemo, ilhali alumini huupitisha. Tena kaboni ikipigwa ubavuni na jiwe huweza kuvunjika ghafla bila kukuonya, wakati alumini hupinda kwanza. Yangu ya kushoto ilipinda nilipoibana kati ya mawe mawili nikivuka kijito. Niliinyoosha taratibu juu ya goti, nikaendelea nayo, na mpaka leo ina kovu dogo pale lakini inabeba uzito.

Mipini. Hapa naomba nisikilizwe kwa sababu mipini nimeishika maisha yangu yote: ya randa, ya nyundo, ya patasi. Kuna mipini ya plastiki, ya sponji na ya gamba la mti, gamba lilelile linalotengeneza vizibo vya chupa. Plastiki inateleza ukitoka jasho. Sponji ni laini mno, inameza mtetemo, na ikilowa hukaa na maji siku nzima. Gamba la mti ni la kati: linabanika kidogo tu, halinywi maji, na baada ya majuma machache ya kutembea linaanza kukaa na umbo la kiganja chako. Zaidi ya yote halina baridi. Alfajiri ya mlimani nikigusa bomba la alumini kwa bahati mbaya, vidole bado vinachoma, ingawa dawa ile ilishatoka mwilini zamani. Mpini wa gamba naushika bila kuvaa glovu. Kwa aliyewahi kupewa oksaliplatini sentensi hiyo peke yake inatosha kumfanya achague. Na kama fundi nafurahi kuongeza kwamba gamba hilo huvunwa bila kuukata mti. Linaambuliwa, mti unabaki umesimama, na baada ya miaka isiyopungua tisa linaambuliwa tena.

Chini ya mpini wa jozi yangu sponji imeendelezwa kwenye bomba kama sentimita 15, ili ushike chini zaidi unapopanda mteremko mkali bila kufungua vibano. Sponji pale haina ubaya, kwa kuwa hushiki muda mrefu.

Sasa vibano, na hapa ndipo nina malalamiko. Fimbo za vipande vitatu vinavyoingiana, ili urefu ubadilike, hufungwa kwa njia kuu mbili. Moja ni ya kuzungusha: ndani ya bomba kuna kitu kinachotanuka ukizungusha. Hiyo iache kabisa kama vidole vina ganzi, kwa sababu inahitaji ncha za vidole zenye nguvu na zenye kusikia, na inaweza kulegea bila wewe kujua. Nyingine ni kibano cha nje kinachofungwa kwa kukunjia kimkono chake kwenye bomba. Hicho nakifunga kwa kitako cha kiganja, naona kwa macho kuwa kimefunga, na kinalia. Kimenifaa sana.

Lakini kila kibano kina skrubu ndogo inayoamua kitabana kwa nguvu kiasi gani, na skrubu za jozi yangu hulegea kwa mtikisiko wa njia. Mara ya kwanza niligundua kwenye mteremko, nilipoweka uzito na fimbo ikaingia ndani ya bomba lake. Sikuanguka kwa sababu nilikuwa na ile ya pili. Skrubu hiyo inahitaji bisibisi ndogo ya nyota, na mtengenezaji hakuweka bisibisi kwenye pakiti. Wapo watengenezaji wanaoweka kirungu kidogo cha kuzungusha kwa vidole, ila kwa vidole vyangu nacho ni kidogo mno. Tone la gundi ya skrubu, ile isiyoganda moja kwa moja, limepunguza tatizo. Hata hivyo, kifaa kinachouzwa kama cha kubeba uzito wa mtu hakipaswi kumsubiri mnunuzi atie gundi. Kwa hili nawapunguzia nyota moja nzima. Kila asubuhi kabla ya kuanza nafunga vibano, nasimamisha fimbo, nakandamiza kwa uzito wote. Ikiteleza hata kidogo sianzi safari.

Malalamiko ya pili ni viatu vya mpira vinavyovalishwa nchani kwa ajili ya lami. Kimoja kilibaki kwenye tope siku za mwanzo kabisa, na sikujua mpaka fimbo ilipoanza kulia juu ya jiwe. Vinaingia kwa kubana tu, hakuna kufuli. Vya akiba vinapatikana kwa urahisi, lakini hakikisha kipenyo kinalingana. Kwenye lami navivaa kwa sababu kabidi huteleza na kelele yake inachosha waliopo karibu. Kwenye njia yenyewe navitoa mara moja.

Ukanda wa mkononi unahitaji maelezo kwa sababu nakutana na watu wengi wanaouvaa kinyume. Mkono upite ndani ya ukanda kutoka chini kwenda juu, halafu ushushe kiganja ukamate mpini pamoja na ukanda. Hapo uzito unabebwa na kifundo cha mkono, na vidole vinabaki vimelegea. Kwa mwenye ganzi ya vidole faida ni kubwa, maana huhitaji kukaza mkono ili fimbo isitoke. Tahadhari kwa kina mama, na kina baba pia, walioondolewa tezi za limfu kwapani kwa saratani ya titi: ukanda uwe mpana na laini, usibane, na kama mkono una tabia ya kuvimba zungumza kwanza na wanaokuhudumia. Kuutumia mkono wenyewe si dhambi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kwenye jarida la tiba la New England ulionyesha kuwa wanawake waliokwisha kuvimba mkono wakinyanyua vyuma kwa kupandisha uzito taratibu, chini ya uangalizi, uvimbe haukuzidi. Linalotia wasiwasi ni kitu kinachobana sehemu moja kwa muda mrefu.

Urefu: simama wima, shika mpini, ncha iwe chini, kiwiko kikae pembe mraba. Ukipanda punguza sentimita tano mpaka kumi, ukishuka ongeza kiasi hichohicho. Kwenye kushuka ndiko magoti yanakoshukuru. Utafiti wa mwaka 1999 uliopima watembeaji kwenye mteremko ulikuta mzigo kwenye goti ukipungua kwa asilimia 12 hadi 25 wakitumia fimbo mbili. Goti langu la kulia haliwezi kunitajia asilimia, ila jioni naweza kuchuchumaa.

Kuna watu wananiambia kwamba vifaa hivi ni anasa, kwamba Emma Gatewood alitembea njia ya Appalachian kule Marekani mwaka 1955, akiwa na miaka 67, kwa viatu vya turubai na mfuko aliojishonea mwenyewe. Ni kweli, na namheshimu mno mama yule, kwa kuwa ile ni njia ya kilomita kama 3,500. Ila hakuwahi kuwekewa oksaliplatini. Mtu anayeisikia ardhi kwa nyayo anaweza kwenda na viatu vya turubai. Mwenye ganzi asijilinganishe naye.

Na wapo wanaoniuliza, hasa wagonjwa wenzangu kwa sauti ya chini, kama aliyeugua saratani anaruhusiwa kujichosha hivi. Mimi si daktari. Najua kwamba mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao CHALLENGE, uliohusisha watu 889 waliotibiwa saratani ya utumbo mpana kwa upasuaji na kemo, sawasawa na mimi. Nusu walipewa mpango wa mazoezi wa miaka mitatu wenye msimamizi, nusu wakapewa vitabu vya ushauri wa afya. Baada ya miaka mitano, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 80.3 kwenye kundi la mazoezi na asilimia 73.9 kwenye kundi la pili. Na sehemu kubwa ya mazoezi yale haikuwa maajabu, kutembea haraka kulihesabika. Nilipowasomea wenzangu takwimu hizo, mmoja alivaa viatu jioni hiyohiyo. Daktari wako aseme kwanza, halafu anza na mwendo mfupi wa tambarare.

Fimbo zimenisaidia hata kwenye uchangishaji, jambo ambalo sikulinunulia. Mzee mwenye fimbo mbili na mkoba mgongoni huulizwa. "Mzee, miguu inauma?" Najibu kwamba haiumi, haisikii, na kutoka hapo mazungumzo yanafika kwenye nyumba ya wagonjwa yenyewe. Wengi huahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Utaratibu wangu ni kwamba fedha haipiti mfukoni mwangu: anayetoa hutuma moja kwa moja kwenye akaunti ya nyumba, chakula na malazi yangu ya njiani najilipia, na nyumba hutoa orodha ya matumizi ambayo kila mchangiaji anaweza kuiomba. Nakushauri usikubali kumchangia mtembeaji asiyekueleza hayo, mimi nikiwemo.

Njiani huwa namkumbuka Terry Fox, yule kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani ya mfupa. Mwaka 1980 alikimbia kwa mguu wa bandia siku 143, kilomita 5,373, kuchangia utafiti wa saratani, mpaka ugonjwa uliporudi mapafuni ukamsimamisha. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 22. Dawa nyingi zinazotuweka hai leo hazikuwepo wakati wake. Nikichoka nahesabu kwamba umri wangu umeshakuwa mara tatu ya wake, na naongeza kilomita moja.

Nani asinunue? Mwenye fimbo za kaboni na nyayo zenye afya hana sababu ya kubadilisha. Anayetembea lami tu atafaidika zaidi na fimbo zilizoundwa kwa lami, zenye mpira uliopinda. Aliyebaki na tundu la kutolea choo tumboni na mfuko wa kukipokea aangalie kwanza mkanda wa kiunoni wa mkoba wake kabla ya kuwaza fimbo, kwa sababu mkanda ukikaa juu ya mfuko hakuna fimbo itakayomwokoa. Na kama mikono yako ina ganzi mpaka kiganjani, ninayoyasifu hapa huenda usiyapate. Jaribu dukani: funga macho, mwombe mwenzako asogeze chini ya ncha kipande cha mbao, kisha tofali, kisha zulia. Gonga na useme ni kipi. Nilifanya hivyo na jozi kadhaa kabla ya kulipia hii, na muuzaji alikuwa na subira.

Kwa jumla nazipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya skrubu. Ncha ya fimbo ya kulia imeshalika upande mmoja, kwa hiyo nimenunua ncha za akiba, na kipande cha njia kilichobaki nitakimaliza na jozi hiihii.